Vaji ya Mama Kulsumu

Zehra alifika hapa kwangu Mbezi akiwa anazungumza. Sisemi alifika kisha akazungumza. Nilimsikia tangu getini akimweleza dereva wa teksi jinsi barabara ile ilivyokuwa zamani, na alipoingia sebuleni, mwanamke mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alikuwa bado hajamaliza. "Shikamoo mama. Mie Zehra, mjukuu wa Mama Kulsumu wa dukani Kinondoni. Najua umenisahau, wala usijitetee, mwenyewe nikijitazama kwenye kioo siku hizi najisahau." Nilicheka hadi nikashika mbavu. Kisha akakaa, akanishika mkono, akaniambia kwamba mama yake, Kulsumu, amefariki huko ng'ambo walikohamia, na kwamba wamemzika kwenye baridi. Hilo la baridi alilirudia, kama vile ndilo lililomuuma kuliko kifo chenyewe. Basi tangu siku ile mwaka mmoja wa ujana wangu umenirudia wote, na sipati usingizi wa mchana mpaka niuandike.

Habari za kwetu Upare na za ukoo wangu siandiki. Wajukuu zangu wameshazisikia mpaka zimewachosha. Naanzia chumbani. Kilikuwa chumba cha mbele, mkono wa kushoto ukiingia, katika nyumba ya Bi Tatu pale Kinondoni, nyumba ya udongo na makuti ambayo wakati wa masika ilinukia kama chungu kipya. Palikuwa na kitanda cha kamba, meza ya mume wangu, sanduku langu la bati, na taa ya chemli tuliyoionea huruma kwa sababu kioo chake kilikuwa na ufa. Senti hamsini zenye kichwa cha Malkia zilikuwa bado mpya, watu wakizigeuza mkononi kumtazama uso. Mume wangu Elieza alikuwa karani wa ghala bandarini. Asubuhi aliondoka kwa baiskeli akipiga kengele hadi mwisho wa uchochoro, hata kama njia ilikuwa tupu, ili nijue amefika wapi. Nami nilibaki na Bi Tatu. Alikuwa Mzaramo, amezika waume wawili, mwenye nyumba na mwenye kauli, na alivuta ugoro puani toka alfajiri mpaka kulala. "Namsifu," alikuwa akiniita kwa jina, "nyie watu wa milimani mnaongea kama mnapandisha mzigo. Teremka kidogo, mwanangu. Hapa pwani maneno yanateremka." Halafu anapiga chafya, anajiombea afya mwenyewe, anaendelea. Nilimchukia kwa wiki moja, nikampenda kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Duka la Mama Kulsumu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku moja nilikwenda kununua mafuta ya taa, nikakuta dukani hakuna mtu, nikazunguka nyuma kumwita. Uani, kivulini, palikuwa na debe lililojaa tope, na ndani ya tope majani marefu membamba, mtu angedhani mpunga, ila yamekuwa ya njano na ncha zimekauka. Mikono yangu haijawahi kutulia. Nilikata ncha moja, nikaifikicha, nikainusa. Harufu ile mpaka leo sijui niielezeje. Ina tangawizi ndani yake, ina udongo uliolowa, ina kitu cha sandukuni mwa bibi. Nilikuwa nimefumba macho niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unaiba au unanusa?"

"Nanusa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi umeona nini puani?"

"Nimeona kwamba kinanukia vizuri na kwamba kinakufa."

Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, amevaa gauni refu jeupe na mtandio, funguo za duka zimening'inia kiunoni. Watu walimwita Mhindi, lakini alikuwa amezaliwa Bagamoyo na Kiswahili chake kilinitia aibu mie wa milimani. Hakukasirika. Alikaa juu ya kreti, akaniambia mmea ule unaitwa vaji, mama yake alikuja nao kutoka Kachi, huko Bara Hindi, ukiwa umefungwa kwenye kitambaa kibichi, na hapajawahi kuzaliwa mtoto kwao bila huo. Mzizi wake hukaushwa. Siku mtoto mchanga anapopewa jina, bibi yake husugua mzizi juu ya jiwe pamoja na asali, kisha humgusisha ulimini, tumbo litulie na maneno yaje yakiwa safi. "Lakini unataka maji baridi yanayotembea," alisema. "Kisima changu kina chumvi. Nimeutia maji ya mvua, nimeutia maji ya mchele, na bado unaniaga."

Yaliyobaki niliyasikia bila kuambiwa. Binti yake, Kulsumu mwenyewe, alikuwa amekuja kutoka mjini kujifungulia kwa mama yake, kama desturi yao ilivyo, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye baraza la duka nikisubiri mvua ipungue, nao wako chumbani nyuma ya ukuta wa mbao. Kwa kawaida walizungumza lugha yao, ila Kulsumu alipokasirika alihamia Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndicho alichokitumia kugombana na watoto wenzake utotoni. "Usishone kitu, mama. Usinunue kitu. Wale wawili uliwashonea." Mama yake akajibu kwa sauti ya chini kwamba wale wawili walipakwa mzizi mkavu ulionunuliwa sokoni, mzizi wa nani hajui, umekaa gunia gani hajui, ndiyo maana walifunga macho kabla arubaini haijatimia. Huyu atapakwa wa kwao. Ameapa. Kisha Kulsumu akauliza, "Na ukikufia ndani ya debe?" Sikungoja jibu. Nilitoka kwenye mvua ileile nikaenda nyumbani, nikaketi kitandani na gauni limelowa, nikimfikiria mama mtu mzima anayeogopa debe.

Kesho yake nilirudi kwa Mama Kulsumu. Nilimwambia kwamba Bi Tatu amenipa kipande cha shamba bondeni, upande wa kushukia kijitoni, nimepanda mpunga na mchicha, na kwamba kwetu tumezaliwa mikononi mwa mifereji. Kama kuna kitu ninachoweza, ni kuyaambia maji yaende wapi. Mama Kulsumu akaenda akachukua kisu. Tulishuka bondeni sisi wawili, yeye ameshika mwavuli mweusi kwa mkono mmoja na debe tukilisaidiana. Nilichimba shimo la upana wa kitanda pembeni ya mpunga wangu, nikafungua njia ndogo ya maji kutoka kijitoni, na chini yake nyingine ya kutokea, ili maji yaingie polepole na yatoke polepole. Yeye aliuosha mzizi, ukatokea mweupe na wa waridi, una pingili kama za kidole, akaukata vipande, kila kipande na chipukizi lake. Nilipotaka kuvizika alinipiga kofi la mkononi. "Usiuzamishe! Ulaze kifudifudi, mgongo uone jua. Huu hauzikwi, unalazwa." Tukavilaza. Tope likatufika magotini. Tulipopanda kutoka bondeni gauni lake lilikuwa na rangi mbili, na wanaume waliokaa kwenye baraza walinyamaza tulipopita, kwa sababu hawakuwahi kumwona amechafuka.

Baada ya hapo alishuka bondeni karibu kila jioni. Debe tuliligeuza likawa kiti chake. Alileta chai ya maziwa yenye iliki ndani ya chupa, na mikate midogo iliyobaki asubuhi, nami nilipalilia huku akinieleza jinsi ya kupika wali usioshikana, akisahihisha Kiswahili changu katikati ya maelekezo. Wakati mwingine Kulsumu alikuja naye, akashuka taratibu akishikilia mgongo wake. Hakuwa msemaji. Alikaa ukingoni, akatia miguu ndani ya maji, akaangalia yale majani mapya ya kijani yakichomoza topeni, na siku moja akaniambia, pasipo mimi kumuuliza, "Namsifu, naogopa kuyapenda." Nilijua hasemi majani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijazika mtu. Nilitia miguu yangu majini karibu na yake, tukakaa hivyo.

Masika yalipokolea, niliugua. Haikuwa homa. Ilikuwa harufu. Sabuni ya Elieza ilinifukuza kitandani, vitunguu vya Bi Tatu vilinifukuza uani, na siku aliyokaanga papa mkavu nilitapika hadi machozi yakanitoka. Kitu kimoja tu duniani kilinituliza, nacho ni jani la vaji. Nililifunga kwenye pindo la kanga nikawa nalivuta puani mchana kutwa. Elieza, maskini, alidhani nimekumbuka kwetu na kuanza kunifariji kwa habari za milima. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, sikuwa na habari. Hakuna aliyenifundisha kuhesabu mambo hayo, na mama yangu alikuwa mbali.

Ndipo wanawake wa uchochoroni wakaamua kunitendea wema. Mpunga wangu ulikuwa umeingiwa na magugu, na mwenzao ni mgonjwa. Kwa hiyo Bi Tatu aliwakusanya, wakajifunga kanga, wakashuka bondeni asubuhi kunipalilia. Mimi nililala chumbani sina habari. Mchana Bi Tatu akaingia, matope mpaka kwenye viwiko, amejaa furaha.

"Amka, mwanangu, ukatazame. Shamba lako limetakata, hata mwiba hautapata pa kujificha."

"Mmepalilia mpunga?"

"Mpunga, mchicha, kila mahali. Na lile shimo lako pembeni, masikini, lilikuwa limejaa magugu ya majini, yamesimama kama yamealikwa. Yana mizizi hayo! Tuliyavuta watu wawili wawili."

Nikasimama na kutoka bila kujitanda vizuri, yeye nyuma yangu akiita, "Kuna nini? Namsifu! Kuna nini?" Nilimwambia huku ninakimbia. Nilimwambia yote, debe, Bagamoyo, wale watoto wawili, na kiapo cha Mama Kulsumu. Alisimama katikati ya njia. Nilidhani ameachwa nyuma, lakini punde nikamsikia akipiga kelele mlango hadi mlango kuwaita wenzake warudi.

Shimo lilikuwa tupu, maji yake yametibuka. Ukingoni palikuwa na rundo la magugu linanifika kifuani, limekatwa, limekanyagwa, linachemka juani: ndago, mafunjo, nyasi za kila aina, na katikati yake vaji, ambayo kwa macho ilikuwa jani miongoni mwa majani. Wanawake walikuwa wameikatakata kwa majembe ili isiote tena, kama mkulima yeyote mwenye akili angefanya. Tulikaa chini tukizunguka rundo. "Inuseni," niliwaambia. "Kila mzizi, ufikicheni muunuse. Inanukia kama tangawizi." Basi fikiria wanawake wazima wamekaa topeni wananusa magugu. Mmoja alidai amepata, kumbe ni ndago. Mwingine alidai kila kitu kinanukia samaki. Bi Tatu alinusa kwa bidii kuliko wote, akachukua mzizi baada ya mzizi, na kila mmoja aliutupa akisema unanuka ugoro, mpaka wenzake wakamwambia akae pembeni, pua yake ilishafungwa siku nyingi. Tungecheka kama si kwamba nilikuwa nalia.

Mama Kulsumu alitukuta hivyo. Alikuwa anashuka na chupa yake ya chai kama kawaida. Aliona shimo, akaona rundo, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Mwavuli ulimtoka mkononi. Bi Tatu, ambaye sijawahi kumwona akimwomba mtu radhi, alisimama akajifuta mikono kwenye kanga na kusema, "Dada yangu, tumekosa. Tulidhani tunamsaidia mtoto." Mama Kulsumu akapiga magoti palepale, na gauni lake jeupe, akaanza kupekua pamoja nasi.

Nami ndipo nilipoisikia. Upepo uligeuka kidogo, na kati ya ile harufu mbaya ya majani yanayooza ikanifikia, nyembamba, tangawizi na udongo. Nilitambaa kwa magoti kuelekea upande wa pili wa rundo, nikatapika kidogo njiani, nikatia mkono ndani hadi begani na kutoa mzizi uliopasuka. Nikanusa tena, nikatoa mwingine. Na wa tatu ulikuwa na chipukizi, dogo, jeupe, zima. Mama Kulsumu aliupokea kwa viganja viwili. Wakati wote huo Bi Tatu alikuwa ananitazama mimi, si mizizi. Ananitazama usoni, kifuani, usoni.

"Namsifu," akasema taratibu. "Pua hiyo umeipata wapi?"

"Sijui, mama. Siku hizi nasikia kila kitu."

"Nasi tunamlisha uji wa homa! Mwenzenu ana mimba, jamani!"

Vigelegele vilivyopigwa bondeni siku ile vilitoa watu majumbani. Mimi nilikaa topeni na matapishi kidevuni, nikiambiwa na uchochoro mzima jambo ambalo mume wangu alikuwa hajalijua. Mama Kulsumu alicheka na kulia pamoja, akanipangusa uso kwa mtandio wake, akasema, "Basi mwanao ndiye aliyeipata." Kipande chenye chipukizi tukakilaza tena topeni, na Bi Tatu akakipigia uzio wa fito, akatangaza kwamba kuku au mwanadamu atakayekisogelea atamjua yeye ni nani. Vile viwili vingine Mama Kulsumu alivikausha kivulini, dukani, juu ya kabati, mahali alipoweza kuviona akiwa anauza.

Zehra alizaliwa wakati wa kipupwe. Siku ya jina niliitwa chumbani nyuma ya duka. Bado nakiona chumba kile: kitanda cha chuma, pazia la maua, sahani ya halua, Kulsumu ameegemea mto na hathubutu kumwangalia mtoto kwa muda mrefu. Mama Kulsumu alisugua mzizi kwenye jiwe, polepole, akachanganya asali, akamgusisha. Mtoto alikunja uso wote, akatoa ulimi, akautaka tena. Kulsumu akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Halafu Mama Kulsumu akauchukua ule mzizi wa pili, akauvunja vipande viwili, akavipima kwa macho, na akanipa mimi kile kidogo, kwa ajili ya wangu. Niliona kwamba ni kidogo, na sikuona ubaya. Arubaini ilipita. Zehra aliendelea kupumua, na kulia, na baadaye kusema, na hajanyamaza tangu hapo.

Wangu alizaliwa mwisho wa mwaka, tukamwita Barnaba. Mama Kulsumu alimpaka mwenyewe, kwa heshima zote. Ila Barnaba hakuja na maneno. Alipofika umri ambao wenzake wanawatukana kuku, alikuwa hageuki hata Bi Tatu akipiga sufuria nyuma yake. Hakuwa anasikia, hakuwa amewahi kusikia. Siku nilipomweleza Mama Kulsumu alikaa juu ya kreti yake, akajifunika uso kwa mtandio. "Nilikupa kipande kidogo," alisema. "Namsifu, nilivitazama vyote viwili nikakupa kidogo." Nilimkumbatia. Nilimwambia Mungu hapimi watoto kwa vipande vya mizizi, na nilikuwa naamini, na bado naamini, ingawa usiniulize kama sijawahi kuwaza. Tangu siku ile Barnaba akawa wake. Alikaa naye ukingoni mwa lile shimo kila jioni, akimfikichia majani na kumnusisha.

Naye Barnaba, ambaye hakuna aliyempa lugha, alijitengenezea ya kwake. Sote tulikuwa na majina vidoleni mwake. Baba yake alikuwa kidole kinachobonyeza kengele ya baiskeli. Bi Tatu alikuwa kupiga chafya. Mimi ni kiganja shavuni. Na Mama Kulsumu alikuwa kidole gumba na cha shahada vikisuguana, kisha kupelekwa puani. Tulijifunza wote. Kulsumu alikuja na Zehra kila Jumapili, na yeye asiyependa kusema aliifahamu lugha ile upesi kuliko sisi wasemaji. Mara nyingine ungewakuta, yeye na Barnaba, wamekaa kivulini wakizungumza kwa saa nzima bila sauti. Mama Kulsumu alipofariki, ni Kulsumu aliyempelekea Barnaba habari, kwa vidole. Baadaye wakahamia ng'ambo, Zehra angali mtoto, kama walivyoondoka wengi.

Zehra alinisimulia mwisho wa mama yake akiwa amekaa kwenye kochi langu, chai imempoa mkononi. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno yote. "Miezi, mama. Hakuna hata 'ndiyo'. Lakini kila siku alikuwa anafanya kitu kimoja, hivi, anasugua vidole, anaweka puani. Sisi tukamletea udi, hataki. Tukaleta jasmini, hataki. Iliki, karafuu, marashi, nimemletea jiko zima la dunia, anasukuma. Anatutazama kama wajinga. Amekufa hatujui alikuwa anataka nini, na hilo mie litaniua."

Barnaba alikuwa amesimama mlangoni. Amekuwa mzee sasa mwanangu, mikono yake ina maji muda wote, kwa sababu nyuma ya nyumba hii, penye unyevu chini ya ukuta, bado ana ile vaji ya bondeni Kinondoni; tumehama nayo mara tatu. Hakusikia neno lakini alikuwa ameuona mkono wa Zehra. Alitoka nje. Aliporudi aliweka jani lililofikichwa kwenye kiganja cha Zehra, akamwonyesha: gumba na shahada, kisha puani. Zehra akanusa, akanitazama mimi.

"Hakuwa anataka kitu," nilimwambia. "Hilo ni jina. Alikuwa anamwita mama yake."

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye teksi, Zehra hakuwa na neno. Alilia kimya, kichwa chini, jani limebanwa mkononi. Kisha akainua mkono wake, akasugua vidole, akavipeleka puani. Barnaba akatikisa kichwa. Akamshika ule mkono, akamkunja kidole cha kati alichokitumia, akamnyoosha cha shahada. Zehra akarudia, na safari hii aliita vizuri.